Kiti cha Mtemi na Jina la Fundi

Katika lugha yetu ya Kiswahili, kiti ni mtoto wa mti. Ondoa kiambishi cha mti, weka mahali pake kile cha udogo, nawe utapata kiti: sehemu ndogo ya mti iliyotengenezwa ili binadamu aikalie. Lugha haikusahau kitu hicho kilitoka wapi. Baadaye lugha hiyo hiyo ikakifanya kiti kuwa kipimo cha madaraka, kwa maana aongozaye mkutano huitwa mwenyekiti, hata kama siku hiyo ameketi juu ya jiwe chini ya mwembe. Na katika ngoma za pepo, mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti, kwa kuwa amegeuka kuwa makao ya aliye mkubwa kuliko yeye.

Neno lililobeba mti, madaraka na roho kwa pamoja halifai kuachiwa maseremala peke yao. Katika shule zetu wanafunzi hufundishwa kuhakiki shairi, hadithi na tamthilia. Ni nadra kufundishwa kuhakiki kitu wanachokikalia kutwa nzima. Katika insha hii twataka kujaribu jambo hilo. Tutaanza na kiti kimoja cha ugenini ambacho kilipewa jina la cheo kinachofahamika sana huku Unyamwezi, kisha tutakileta kiti hicho mpaka Bukene, tukipime kwa mizani ya watu ambao cheo hicho kilikuwa chao.

Mwaka 1949, mjini Copenhagen, katika maonyesho ya kila mwaka ya chama cha maseremala wa mji huo, palionyeshwa kiti kipana cha mbao na ngozi. Aliyekibuni ni Finn Juhl, Mdenmaki aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1989. Juhl alisomea usanifu wa majengo. Elimu ya samani alijifundisha mwenyewe. Aliyekitengeneza kiti ni Niels Vodder, fundi seremala, ambaye alikuwa ameanza kushirikiana na Juhl tangu mwaka 1937. Siku ya ufunguzi, Mfalme Frederik wa Tisa alikikalia kiti hicho. Husimuliwa kwamba palitolewa shauri kiitwe Kiti cha Mfalme, naye Juhl akaona jina hilo limezidi kimo. Akasema afadhali kiitwe Høvdingestolen, yaani kiti cha mkuu wa kabila, au kama tusemavyo huku kwetu, kiti cha mtemi. Jina hilo limedumu hata leo. Vodder alitengeneza viti vya namna hiyo visivyofika mia moja, na baadhi yake viliwekwa katika balozi za Denmark.

Hatuna budi kukiri mapema kwamba kiti hicho hatujakikalia. Tumekitazama katika picha tu, na mhakiki wa kiti asiyekikalia ni kama mhakiki wa ngoma aliyesimuliwa. Kwa hiyo hatutatoa hukumu juu ya yale ambayo mgongo peke yake waweza kuyashuhudia. Tutasema yale ambayo jicho laweza kuyasema, na yale ambayo jina la kiti linatulazimisha kuyauliza.

Kwa jicho, hiki ni kiti kizuri sana. Upana wake wakaribia mita moja, na egemeo lake limepanda juu mfano wa ngao. Nguzo mbili za nyuma zimechongwa zikawa nyembamba kuelekea ncha zake, na mahali mbao zinapokutana pamelainishwa hata huoni kwa urahisi ubao mmoja unaishia wapi na wa pili unaanzia wapi. Mikono yake si fito za kuwekea viwiko, kama tulivyozoea. Ni mapande mapana yaliyovikwa ngozi, yaliyopinda kama tandiko la farasi. Mtu aweza kukaa wima, aweza pia kugeuka ubavu. Juhl alipenda kazi za wachongaji wa zama zake, kama vile Jean Arp na Barbara Hepworth, na mapenzi hayo yanaonekana: mbao za kiti hiki zina misuli na viungo kama za kiumbe. Kiti hiki chataka kutazamwa pande zote, kama sanamu, na wala si kusukumwa ukutani.

Lakini sifa yake kubwa ni nyingine. Juhl alishikilia kwamba kila kiti kina sehemu mbili, nayo macho hayana budi kuzitambua zote mbili: kibebacho na kibebwacho. Kibebacho ni kiunzi cha mbao. Kibebwacho ni kikalio na egemeo vinavyopokea mwili wa mtu. Katika viti vingi vya Ulaya vya kabla yake, kiunzi kilifichwa ndani ya vitambaa na pamba, hata mtu asijue ni nini kinachomwinua kutoka sakafuni. Juhl alikifunua. Akakiinua kikalio kidogo juu ya kiunzi, akaacha nafasi ya hewa katikati, hata chaonekana kama kinaelea. Hivyo mbao zilizokuwa zikifanya kazi gizani zikatolewa nje zikaonekana, na zikapendwa kwa uzuri wake.

Fikra hiyo, kibebacho na kibebwacho, twaichukua sasa tuje nayo nyumbani, maana hakuna nchi inayoielewa kuliko Unyamwezi.

Bukene ni mji mdogo katika Wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, kando ya reli iendayo Mwanza. Kabla ya reli, nchi hii ya miombo ilikuwa mapito ya misafara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo ikaja Tabora, na kutoka Tabora ikagawanyika: moja ikaelekea Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Ziwa Victoria. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walisifika kuliko wengine wote kwa upagazi. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, pamoja na chakula na chombo chake, akatembea kwa miezi. Pembe za ndovu zilishuka pwani mabegani mwao; vitambaa, shanga na nyaya za shaba zikapanda bara mabegani hayo hayo. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, na ile ya Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, mzigo ukahamia katika mabehewa. Lakini jina la Mnyamwezi lilikwisha kuingia katika vitabu vya wasafiri kama jina la mtu abebaye.

Tazama basi viti vya enzi vya pwani, vile vya Lamu na visiwa jirani. Ni viti vya fahari, vya mbao nyeusi, vyenye egemeo refu la mraba, mahali pa kuwekea miguu, na nakshi za pembe zilizotiwa katika mbao kwa ustadi mkubwa. Alikalishwa juu yake mgeni wa heshima au bwana arusi. Mwenye kukitazama kiti hicho husifu nakshi, naye husifu kwa haki. Lakini pembe haioti pwani. Ilitoka bara, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya pembe za bara ilipita mikononi mwa wapagazi. Hapo kibebacho hakimo ndani ya kiti kabisa. Kiko njiani, umbali wa miezi mitatu, na hakuna jicho la mgeni linaloweza kukiona. Kiti kikitazamwa hivyo, historia ya uchumi wa nchi nzima yaweza kufundishwa darasani kwa nakshi moja.

Sasa tumrudie mtemi. Neno lenyewe, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, latokana na kutema: ama kutema msitu ili watu wapate mahali pa kukaa na kulima, ama kutema maneno, yaani kukata shauri. Katika maana zote mbili kuna ukali wa shoka. Mtemi hakuwa mfalme aliyepunguzwa kimo. Alidaiwa mvua na mavuno. Nchi ikiugua, macho ya watu yalimwelekea yeye na mizimu ya wazee wake. Heshima aliyopewa ilikuwa na deni ndani yake. Lakini tusiwapake watemi mafuta kupita kiasi. Wako waliotoza hongo kwa kila msafara uliopita, wako walioingia katika biashara ya pembe na ya watu, na vita vya karne ya 19 viliacha vijiji vingi vitupu. Wakati wa Waingereza, hasa tangu mwaka 1926 ulipoanzishwa mfumo wa kutawala kwa mkono wa watawala wa kienyeji, mtemi akawa pia mtu wa mshahara na daftari la kodi. Serikali ya Tanganyika huru ilipoufuta utawala wa machifu mwaka 1963, wako waliohuzunika, na wako waliopumua.

Kiti cha mtemi kilikuwaje? Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma hukiita kiti isumbi. Huko Bujora, karibu na Mwanza, katika makumbusho ya Wasukuma, banda la watemi lilijengwa kwa umbo la kiti cha enzi, hata mgeni aingiaye huingia, kwa namna fulani, ndani ya kiti. Lakini mfano mashuhuri kuliko yote wa kiti cha Kinyamwezi hauko Bujora, wala Tabora, wala Dar es Salaam. Uko Berlin, katika makumbusho ya ethnolojia. Kilitoka Buruku, katika Unyanyembe, mwishoni mwa karne ya 19, zama za utawala wa Wadachi. Ni kiti chenye egemeo, kimo chake chapita mita moja, na mgongoni mwa egemeo mchongaji amemtokeza mtu katika mbao.

Na tukitafakari mahali alipowekwa mtu huyo. Hayuko mbele, ambako mtemi angeegemeza mgongo wake, yuko nyuma. Mtemi akiketi, watu walioko mbele yake wamwona yeye, na walioko nyuma yake wamwona yule mwingine. Haifai kumwekea mchongaji maneno kinywani. Lakini jicho halikatazwi kuona kwamba kiti hiki hakina upande wa kusahauliwa, na kwamba aliyekikalia alikuwa na mtu mgongoni mwake, kama mama abebavyo mtoto, au kama mzee wa kale abebwavyo na kizazi kinachomfuata. Kiti cha Juhl nacho hutazamwa pande zote. Hapo mafundi hawa wawili, ambao hawakupata kusikiana, wanakutana.

Wanaachana mahali pengine. Kiti cha Kinyamwezi huchongwa katika gogo moja. Fundi huanza na mti mzima, akaondoa kisichotakiwa kwa shoka na tezo, mpaka miguu, kikalio na egemeo vikatokea pamoja. Hakuna gundi wala kiungo; nyuzi za mti zinazopita mguuni ndizo zile zile zinazopanda kwenye kikalio. Ukiuliza hapa kibebacho ni kipi na kibebwacho ni kipi, mti utakujibu kwamba havijapata kutengana. Juhl alionyesha uzuri kwa kuvitenganisha; mchongaji wa Buruku alionyesha uzuri kwa kutovitenganisha. Njia zote mbili ni za sanaa ya kweli, nasi hatusemi kwamba moja ni ya juu na nyingine ni ya chini. Ila kila njia ina wazo lake juu ya madaraka. Katika ile ya kwanza, aliye juu anaelea, naye kiunzi chamstahi kwa kumwachia nafasi. Katika ile ya pili, aliye juu ni mti ule ule ulio chini, na ufa ukiingia mguuni hautamsubiri mwenye kukaa.

Ndipo twaweza kuhukumu lile jina la mwaka 1949. Jina la kazi ya sanaa ni kama kichwa cha shairi: kichwa kikitaja arusi na beti zikataja msiba, mhakiki hana budi kuuliza. Juhl alikuwa na mazoea ya kutazama mbali. Mwaka ule ule alibuni kiti kingine alichokiita cha Kimisri, baada ya kuvutiwa na viti vya Misri ya kale. Katika kile cha mtemi mikunjo ya mbao yafanana na silaha na zana za kale, vitu ambavyo alivipenda kwa jinsi vilivyoshikana na mkono wa mtu. Kutazama kwa mapenzi namna hiyo si kuiba, na hatuna sababu ya kumshitaki. Hakuchukua chochote kutoka Unyamwezi. Alichukua neno tu, na neno alilolichukua lilikuwa limekwisha kupunguzwa thamani na wengine kabla yake. Katika masikio ya Ulaya ya wakati ule, mkuu wa kabila alikuwa mfalme mdogo, mtu wa kupendeza katika picha, mwenye ngao na mkuki. Ndiyo maana jina hilo lilifaa kwa mzaha wa unyenyekevu: mfalme yuko mbele yetu, basi kiti tukiite cha aliye chini ya mfalme. Kosa la jina ni hilo tu, nalo si dogo. Kiti kinasifu starehe na upana wa nafasi. Neno mtemi, kwa wenye neno, lilisifu uzito.

Historia ina mizaha yake pia. Miaka michache baada ya kiti hicho, Juhl alipewa kazi kubwa kuliko zote za maisha yake: kupamba ndani ya ukumbi wa Baraza la Udhamini katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York. Denmark ndiyo iliyotoa zawadi hiyo, na ukumbi ulikamilika mwaka 1952. Kuta zilivikwa mbao, dari likajazwa visanduku vya rangi mbalimbali, na viti vya wajumbe vikabuniwa na Juhl mwenyewe. Mwaka 1953 ikaongezwa sanamu ya msaji, kazi ya Mdenmaki Henrik Starcke, ya mwanamke ainuaye mikono na kumwachia ndege aruke.

Udhamini ni nini, kama si jambo hilo hilo la kibebacho na kibebwacho? Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini tangu mwaka 1946. Hoja ya mfumo huo ilikuwa kwamba nchi fulani hazijaweza kusimama kwa miguu yake, kwa hiyo sharti nchi nyingine zizibebe. Mwezi wa Machi mwaka 1955, Julius Nyerere, rais wa TANU, alifika mbele ya Baraza hilo kueleza kwamba Tanganyika yataka kujitawala. Alikuwa mtoto wa mtemi, Nyerere Burito wa Wazanaki. Alikuwa amesoma Tabora, katika shule iliyofunguliwa kwanza kwa ajili ya watoto wa machifu, na baadaye akafundisha mjini humo. Hivyo mtu aliyekulia karibu na kiti halisi cha mtemi aliingia katika ukumbi uliobuniwa na mtu aliyekipa kiti chake jina la mtemi. Hatudhani kwamba yeyote aliyekuwapo siku hiyo alilifikiri jambo hili. Walikuwa na kazi nzito zaidi. Mwezi Desemba mwaka 1961 Tanganyika ikawa huru. Mwaka 1962 ikaundwa wizara ya utamaduni wa taifa. Na mwaka 1963 mtoto huyo wa mtemi akaviacha viti vya watemi bila wenyewe. Baraza la Udhamini nalo lilisimamisha shughuli zake mwaka 1994, nchi ya mwisho ilipokwisha kutoka mikononi mwake. Ukumbi ukakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2013. Jina la aliyeubuni lingali linatajwa kila ukumbi huo unapotajwa.

Hapa ndipo penye kiini cha insha hii. Viti vilivyotoka katika karakana ya Vodder vilipigwa chapa ya moto katika mbao, na chapa hiyo ilitaja majina mawili: la fundi aliyetengeneza na la mbunifu aliyebuni. Si mbunifu peke yake, ingawa ndiye aliyepata sifa nyingi. Mwenye kupindua kiti akakitazama chini ya kikalio atajua ni mikono ya nani iliyofanya kazi ile. Kiti cha Buruku chatambulishwa kwa kabila, kwa mahali, kwa karne, na kwa nambari. Mchongaji wake hana jina. Mwaka 1994 yalifanyika Ujerumani maonyesho makubwa ya sanaa ya uchongaji ya Tanzania, na kitabu cha maonyesho hayo kikapewa, pamoja na jina la Kijerumani, jina la Kiswahili: Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Neno bingwa lilichaguliwa vema, maana kazi zile zilistahili. Lakini bingwa asiye na jina ni heshima iliyokosa mtu wa kuipokea.

Wako wasemao kwamba fundi wa Kiafrika hakutaka jina, kwamba kazi ilikuwa ya jamii nzima na yeye mwenyewe alijificha ndani ya kabila lake. Maneno haya hupendeza kusikika, nasi tumewahi kuyarudia bila kufikiri. Hebu na tuyapime. Katika vijiji vyetu, mganga hodari hujulikana kwa jina, na watu humwendea safari ya siku mbili. Manju wa ngoma hujulikana kwa jina, na washindani wake humtaja katika nyimbo zao ili wamshinde. Mwindaji na mhunzi nao hujulikana. Ni kwa nini basi mchongaji peke yake asijulikane? Yaelekea watu wa Buruku walimjua vizuri, wakajua na nyumba yake, na pengine na madeni yake. Jina lake halikukosekana, halikuulizwa. Aliyekichukua kiti alitaka kujua kiti kilikuwa cha mtawala gani, na hapo maswali yake yakaisha. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alitia jina lake katika picha zake, na leo jina hilo ni jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana duniani. Jina halikuiua jamii. Liliipa jamii mahali pa kushika.

Na lawama isiishie Berlin. Sisi tuliopita katika ofisi za Serikali twajua kwamba kiti hugawiwa kwa cheo. Karani hupewa kiti kisichokuwa na mikono. Akipanda daraja, hupewa chenye mikono. Akipanda tena, kiti huwekewa mto, kisha hupata uwezo wa kuzunguka. Twajua cheo cha kila kiti, na katika daftari la mali ya ofisi kila kiti kina nambari yake iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Tukiulizwa aliyekitengeneza ni nani, hatuna la kujibu. Tumefanya yale yale yaliyofanywa na wageni: tumehifadhi nambari, tumemtupa mtu. Hata madawati tuliyoyakalia shuleni tulipojifunza kuandika majina yetu, majina ya waliyoyatengeneza hatukuyajua, wala hakuna mwalimu aliyetutaka tuyajue.

Huko Bukene, kama katika kila mji mdogo wa mkoa huu, wako maseremala wafanyao kazi kivulini kando ya barabara. Mti wao ni mninga, ambao misitu ya Tabora imejaliwa kuwa nao, mti mwekundu usiopinda upesi na unaopendwa na randa. Miti hiyo yazidi kuadimika, na viti vya plastiki vimejaa sokoni kwa bei ambayo mninga hauwezi kushindana nayo. Yawezekana kwamba kizazi kinachosoma sasa ndicho cha mwisho kitakachoweza kumuuliza fundi alifundishwa na nani, naye huyo wa pili alifundishwa na nani, mpaka kufika kwa mtu aliyeshika tezo kabla ya msumeno wa kiwandani. Nasaba kama hiyo ikikatika haiungwi kwa gundi.

Kwa hiyo twawaomba walimu jambo dogo. Pelekeni wanafunzi kwa seremala mmoja, asubuhi moja. Wakichukue kiti kimoja alichokitengeneza, wakihakiki kama wanavyohakiki shairi: kina mizani gani, kina vina wapi, ni wapi fundi alipotenzwa nguvu na mti na ni wapi alipoushinda. Waulize kibebacho ni kipi na kibebwacho ni kipi. Waulize mti ulitoka msitu gani, na ni nani aliyeubeba. Kisha waandike jina la fundi, la baba yake, na la mwalimu wake, wakiweke daftari hilo katika maktaba ya shule. Na kabla ya kuondoka wapashe msumari moto, wampe fundi, wamwombe alichome jina lake mwenyewe chini ya kikalio, upande ule ambao mwenye kukaa hauoni.